Baiskeli Yangu Iko kwa Mtani

Mama Mwajuma, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Mkwaja, huku kusini mwa Pangani. Mimi mzima, ila miguu inaniuma na kichwa hakijatulia. Mwajuma hajambo? Kile kikohozi chake kimeisha? Na mama mfikishie shikamoo yake sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana huko mbele nimekasirika na sitaki heshima yake ichanganyike na hasira zangu.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu naiogopa. Nikikupigia unacheka, na ukicheka mimi nasahau yote niliyotaka kusema. Halafu unaweka sauti kubwa, mama anasikia, na jirani naye anasikia. Kwa hiyo nimekaa barazani kwa mwenye nyumba ya wageni, naandika. Dereva wa basi ataiacha barua stendi ya Msamvu, na dada yangu Zuhura atakuletea.

Kazi yangu unaijua. Watalii wanaendesha baiskeli kutoka Tanga mpaka Bagamoyo, Bakari anaongoza mbele, mimi nafuata nyuma na pampu, viraka na tyubu. Mtu wa nyuma hampiti mtu. Mgeni akichoka nachoka naye, akisimama kupiga picha ya mnazi nasimama naye, hata kama minazi kama hiyo ameshaipiga tangu asubuhi. Safari hii wageni ni wawili, mtu na mkewe, watu wazima wenye mvi lakini miguu yao ina nguvu kuliko yangu.

Jana asubuhi tulikuwa tunasubiri pantoni tuvuke Pangani, Zuhura akanipigia. "Kaka, usikasirike." Mtu akianza hivyo ujue kakuletea moto. "Leo nimemwona wifi yangu kapakiwa na Kulwa kwenye ile baiskeli yako uliyoiacha nyumbani. Ndoo ya vitumbua kaipakata, anacheka mpaka mtandio unataka kumdondoka. Na si leo tu." Nikamwambia sawa. Sawa ya nini? Nusura simu iingie mtoni.

Mama Mwajuma, hebu tuambiane. Kwenye msiba wa mjomba wako, mimi nikiwa huku, Kulwa aliipanda baiskeli yangu akalizunguka turubai mbele ya waombolezaji, akasema ameirithi na haitoki mpaka akombolewe. Wewe ndiye uliyenisimulia, tukacheka wote. Ni haki yake. Yeye Mnyamwezi, sisi Waluguru, ni watani, na mtani msibani akichukua kitu chako unampa kuku anakurudishia, basi, yameisha. Lakini kukomboa hufanywa watu wangali wamekaa matangani! Nilikwambia mpe kuku. Ukasema, "Ah, huyo mtani tu, haendi mbali." Matanga yamevunjwa, turubai limerudi kwa wenyewe, baiskeli bado iko kwake, na sasa amepakia na mke.

Ubaya wake ni kwamba sina pa kushtaki. Nikimpigia mjomba wako mdogo atacheka mpaka akohoe: "Baba Mwajuma, unamkasirikia mtani?" Mwanamume mwingine yeyote angekuita "mke wangu" hapo sokoni Mwembesongo, wazee wangemweka kikao. Kulwa anakuita "mke wangu" mchana kweupe, anakuletea mchele wa Dakawa wa vitumbua mpaka mlangoni, na watu wanampigia makofi. Kanishika pabaya kweli.

Basi tukavuka, tukashika njia ya mchanga. Bakari akawa anaenda sambamba na yule mama wa Kizungu, wanapiga soga, mama anacheka. Mumewe yuko nyuma peke yake, anapiga mluzi. Nikashindwa kujizuia. Nikamsogelea na Kiingereza changu cha kuokoteza, nikamuuliza, bwana, huoni wivu? Akafikiri kidogo, akasema mke wake anapenda maneno na yeye anapenda kimya, kwa hiyo leo wote wawili wamepata wanachotaka. Nikaona huyu si mtu wa kumpelekea shida yangu.

Kile kicheko cha yule mama ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nakisikia kama chako. Nikainamisha kichwa nikakanyaga. Nikampita bwana, nikampita mama, nikampita Bakari anayeniita kwa jina, nikakanyaga mchangani jua likiniwakia kisogoni. Sikugeuka nyuma hata kidogo. Kumbe huko nyuma gurudumu la mama lilichomwa na mwiba, na pampu ninayo mimi, viraka ninavyo mimi. Mama wa watu alisukuma baiskeli juani mpaka uso ukawa mwekundu, mumewe kambebea mizigo. Waliponikuta nimekaa chini ya mkorosho, Bakari hakunisalimia. "Wewe ni mtu wa nyuma! Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikatoa kiraka nikaziba tyubu ya mama. Nilikuwa nakuja Morogoro.

Bakari kasema nikirudia tena nifungashe vyangu. Sijali sana. Ninachojali ni kwamba nimefanya kazi huku nikijua nina kwangu pa kurudi, na tangu jana sijui.

Kwa hiyo nimeamua kwenda kwa mila, asije mtu akasema nina roho mbaya. Pamoja na barua hii kuna papa mkavu, mkubwa, kwenye gunia. Huyo ndiye wa kukombolea. Mwite Kulwa, mwite mjomba wako mdogo, na mama akae hapo. Mpe papa mbele yao wote, achukue, baiskeli irudi ndani ifungwe kufuli. Akishakula kikombozi, utani huo umekwisha. Akija tena asubuhi kukupakia, huyo si mtani tena, na mimi hata kama niko katikati ya mto nitageuka nije.

Msalimie mjomba wako mdogo, mwambie asicheke. Msalimie Mwajuma, mwambie baba anamletea makombe ya baharini. Zuhura mwambie ahsante, ila siku nyingine anipigie nikiwa nimeshakula.

Jambo moja la mwisho, nalisema taratibu. Yote haya nimeyaandika kana kwamba Kulwa ndiye anayekuja. Ila kama ni wewe unayeamka mapema ukamsubiri mlangoni, usimpe papa. Mchemsheni mle na mama, kisha unipigie simu mwenyewe, bila kucheka, uniambie.

Ni mimi mumeo, Baba Mwajuma