Vidonge vya kwenye fundo la kitenge

Apo, washa pikipiki uje kwangu Bweri sasa hivi. Soma huku unavaa viatu.

Mke wangu Rhobi kamaliza dozi yote ya homa ya ini C. Kipimo cha leo: virusi bado viko. VIKO!

Daktari akauliza, "Mama Robert, kuna dawa nyingine unatumia?" Siku ya kuanza aliulizwa hivyohivyo, akasema hakuna. Mama yangu alikuwa kakaa pembeni yake siku hiyo, na leo pia.

 Rhobi kafungua fundo la kitenge, katoa vidonge.

Vya kifafa, Apo. KIFAFA. Anamezaga tangu kabla sijamuoa, nalala naye kitanda kimoja sijui!

Daktari anasema hivyo ndivyo vimeua nguvu ya dawa ya ini. Wangejua mapema wangepanga vingine. Kasisitiza asiviache ghafla, kifafa kinaweza kumuua. Watambadilishia wenyewe taratibu.

Mama yangu hakusubiri. Alishatoka nje anapiga kelele, foleni nzima inasikia: "Ng'ombe zetu tumetoa kwa mtu wa kifafa!"

Yaani bora ini limuue kuliko sisi tujue. Kuliko MIMI nijue.

Tumefika nyumbani namwambia ameze cha jioni. Kanijibu:

"Nimevitupa vyote kwenye choo cha hospitali. Mwambie mama nimepona."