Hedifoni Zinazokatika

Mwanangu,

Sisi wazima, na mama yako siku hizi anatembea kifua mbele. Zile hedifoni zisizo na waya ulizonitumia zilinitoa jasho. Nikisikiliza kitu kwenye tableti, mara sauti inakatika. Fundi simu akasema zimekufa, ninunue nyingine kwake. Nikamwambia, "Mimi nafungua cherehani na kuifunga, kidude hiki kitanishinda?" Nikaiambia tableti izisahau, nikaziunganisha upya. Zikashika.

Jana zikakatika tena. Kabla sijazivua, nikasikia sauti yako: "Shikamoo Baba. Najua hutaki hata kuniona, lakini nakukumbuka."

Nikashtuka, maana ujumbe huo hukunitumia mimi. Nikachungulia sebuleni. Baba yako, aliyepiga marufuku jina lako humu ndani tangu ulipolikataa duka lake, alikuwa anaibandika simu sikioni, mara anaizaba makofi: "We simu, mbona umekuwa bubu?"

Kumbe nikiwa kwenye cherehani yeye huziazima kimyakimya, ndiyo maana zimeizoea simu yake na hujiunga nayo zenyewe. Na kila zilipokatika, ni yeye aliyekuwa anarudia kukusikiliza.

Ugonjwa nimeujua na dawa ninayo, ila huu siutibu. Nilizirudisha hedifoni kwenye kiboksi cha kuzichajia, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi, hazikuwepo.

Mtumie ujumbe mwingine, mwanangu. Huo ameshauchosha.

Ni mimi mama yako, fundi wa nguo, na sasa wa hedifoni pia.