Plamen Kaziba Bomba la Moshi

Neli, Mama nusura afe leo asubuhi. Jikoni kwake!

Si unakumbuka Plamen alivyojisifu kwamba ameiandaa nyumba ya mama kwa baridi? Mdogo wangu huyo huyo kapanda paani, kafunika bomba la moshi kwa nailoni ili theluji isiingie. Hakumwambia mtu!

Mama kawasha jiko la kuni achome pilipili hoho za kuhifadhi kwenye chupa. Nafika, mlango umefungwa kwa ndani. Nachungulia dirishani, yuko sakafuni, moshi umejaa. Nasukuma dirisha, halifunguki. Plamen kaligandisha kwa gundi pande zote, eti upepo usipenye. Hata dirisha kaziba, Neli!

Nikavunja kioo kwa gogo, nikaingia, nikamburuta mama hadi uani.

Sasa sikia. Nampigia Plamen simu, namweleza yote, unajua kaniuliza nini?

"Umevunja dirisha? Nimelihangaikia siku nzima!"

Dirisha! Hajauliza mama yukoje. Dirisha!

"Mama alikuwa anakufa, mpumbavu wewe!"

"Usinifokee, dada. Mlitaka nyumba isipitishe baridi, haipitishi."

Daktari kaja kumpima mama, anasema atapona. Na mama, sauti imemkauka, kanishika mkono: "Usimgombeze mdogo wako, ana moyo mzuri."

Nimetoka nje nikalia kwa hasira. Kisha nikapanda paani mwenyewe, mimi ninayeogopa hata ngazi, nikaing'oa ile nailoni.

Sasa funguo za nyumba ninazo mimi. Akitaka kutengeneza chochote tena, aanze kwa kunipita mimi mlangoni.