Kisahani cha Machungwa ya Sukari

Sifnos, 21 Septemba 1986

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini goti halikusumbui na kwamba unakula, si kahawa tu kutwa. Mimi mzima, ila jua la kisiwani limenichubua pua.

Usikunje uso: leo nimekula mkahawani kwa baba mdogo Zannis. Uliniambia nikifika huko likizo nile popote ila pale. Nilijikaza, lakini watu walikuwa wanatoka kanisani, chungu cha dengu kinatolewa tanurini, harufu ikanimaliza.

Nikaingia jikoni kufunua vyungu na kuchagua, kama kila mteja. Mwenyewe alikuwa anabandua unga uliozibia mfuniko. Dengu zilikuwa zimelala tanurini usiku kucha, vitunguu vimeyeyukia kwenye mafuta ya zeituni. Nikaomba anipakulie za chini, zilizoshika chungu. Akasimama na upawa mkononi.

"Za chini alikuwa akiziomba mtu mmoja tu," akasema. "Wewe binti wa Iakovos?"

Nikasema ndiyo.

"Kaa ule. Umekonda."

Nilikula, baba. Dengu, jibini la mbuzi, mvinyo kidogo, nikafuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Nikiwa hoi kwa shibe, akaleta visahani viwili vya machungwa ya sukari. "Hiki chako. Hiki cha aliyeondoka kabla hakijaja." Cha pili hakuna aliyekigusa.

Matanga ya bibi yamepita miaka mingi, baba, naye bado anakuwekea.

Binti yako,
Kalliroi

Pireo, 1 Oktoba 1986

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Goti langu linajua mvua kuliko redio, mengine salama.

Zannis alinifanyia nini unajua. Mama aliugua majira yote ya baridi, yeye ananiandikia "huku wote wazima." Nafika, mama yuko kaburini. Halafu nikae nile machungwa yake? Kuinuka mezani kabla mwenye nyumba hajaleta kitu kitamu ni kumtukana. Najua, na nilikusudia.

Limau anakamulia chunguni au mezani? Mama alikamulia mezani. Nauliza tu.

Baba yako

Thesaloniki, 9 Oktoba 1986

Baba mpendwa,

Salamu. Nimesharudi kazini, afya njema, pua imepona.

Mezani, baba. Kama bibi.

Kuna jambo sikukuandikia, kwa sababu baba mdogo alisema hataki kutetewa. Naona nimenyamaza vya kutosha. Bibi ndiye aliyemwapisha asikuambie. Bahari ilikuwa mbaya mwaka ule, aliogopa ungepanda meli kwa ajili yake. "Nilimtii mama, nikampoteza kaka," aliniambia, akageuka kuosha vyungu.

Amua utakavyo. Mimi nawapenda wote wawili.

Kalliroi wako

Thesaloniki, 4 Novemba 1986

Baba,

U mzima kweli? Wiki zinakwisha hujajibu. Kama nimekuudhi, nitukane, lakini andika.

Kalliroi

Sifnos, Jumapili, 9 Novemba 1986

Mwanangu Kalliroi,

Mimi mzima, usihangaike. Meli imenitikisa mpaka nikawataja watakatifu wote, na wengine mara mbili.

Nilifika jana jioni, vyungu vinaingizwa tanurini. Zannis amezeeka, ameota kitambi. Hakunikaribisha wala hakuuliza nimefuata nini. Alinisogezea donge la unga nizibe mfuniko. Nikaziba.

Leo baada ya kanisa nikaketi meza ile ile. Kabla ya dengu, kabla hata ya mkate, akaniwekea kisahani cha machungwa.

"We Zannis, umechanganyikiwa? Hiki huja mwisho."

"Wewe mwisho huwa hukai," akasema.

Nilicheka, mwanangu, kisha nikalia mbele za watu, mtu mzima na mvi zangu. Nikala machungwa. Akaleta dengu, za chini, bila kuulizwa, na limau pembeni. Tulikula pamoja, tukamtaja mama. Halafu akaleta kisahani kingine, nacho nikakimaliza.

Wateja wote wamekwisha kwenda. Nakuandikia hapa hapa mezani, naye anafagia kuzunguka miguu yangu, anauliza kama ninahamia.

Sijainuka bado.

Baba yako