Kombe Nililolinywa kwa Uongo

Bellevue, Johannesburg
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwako Dada Zuhura,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sauti yangu haikuharibiwa na jicho la mtu. Niliimaliza mwenyewe, kwa kupiga kelele. Haya, mtoto hajambo? Meno yameshatoka? Shemeji mzima? Sisi wazima, ila nyumba haikaliki, na sababu ni mimi. Naandika, nainuka, nachungulia dirishani, nakaa tena. Insha za shule naandika Kiingereza bila shida, lakini haya yamekataa kutoka kwa Kiingereza.

Darasani kwetu kuna mvulana anaitwa Damien, ana bendi ya thrash metal. Gita zinakwenda mbio utadhani zinakimbizwa na polisi. Walikuwa wanarekodi albamu, nyimbo nane, kwenye chumba cha uani kule La Rochelle, mtaa wa hapa hapa Johannesburg, kuta zimezibwa kwa magodoro. Mwimbaji wao alihamia Durban, Damien akaniambia nijaribu. Mimi, ambaye mwalimu akinitaja jina naangalia viatu. Dada, nilifungua mdomo ikatoka sauti sijui ilikuwa inakaa wapi. Jumamosi nne nikaaga nyumbani kwamba naenda masomo ya ziada. Jumamosi ya nne, wimbo wa mwisho tuliurudia mara kumi na moja.

Kesho yake ndiyo ilikuwa Maulidi ya madrasa, nami ndiye msomaji. Baba alialika watu mpaka wa mbali kule Diepsloot. Nikasimama, kikatoka kitu kama mlango uliokosa mafuta. Baba akainamisha kichwa. Mama akasema hili ni jicho, akamtaja mama Spéciose, Mrundi wa chumba cha jirani, kwamba alinisikia nikifanya mazoezi akanisifu bila hata kusema mashallah. Nikaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nikanywa yote mbele yao na uongo wangu mdomoni.

Tangu siku hiyo Mama haitikii salamu ya mama Spéciose. Wapangaji wenzetu wanaanua nguo akipita. Mwenye nyumba amempa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Eish, Dada, ana watoto wawili.

Na hili ndilo linalonichoma: mama Spéciose anajua. Anafanya usafi kwenye nyumba ile ile ya La Rochelle. Jumamosi ile alinikuta ngazini nimeshika koo, akanipa maji, akacheka, akasema eti kwa sauti hiyo hata mende watahama. Mama na wapangaji walipomshtaki uani kwetu nilikuwepo. Akaniangalia, akachukua ndoo yake akaingia ndani. Angenitaja, angebaki na chumba chake.

Albamu imekamilika. Damien aliniuliza jina la kuandika kwenye jalada, nikampa la uongo. Nitamwambia aweke langu.

Barua hii nilitaka aibebe Ameir wa madrasa, anasafiri Jumamosi kuja huko, ili wewe ndiye umwambie Mama. Lakini nasikia kandambili za Mama koridoni. Mchana kutwa akipita naisukuma chini ya mto. Sasa naiacha mezani, wazi. Nisalimie wote huko Tanga, mtoto mbusu mashavu yote mawili. Isipokufika, ujue imesomwa hapa hapa.

Mdogo wako,
Tabia