Aliyeuona Mfupa Kwanza

Daraja Mbili, Arusha
11 Juni 2023

Mwanangu Faudhia,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu si mchezo, Meru hatujauona wiki nzima. Mama yako anakusalimu. Figo zangu ndizo zile zile, na masikio yameziba kabisa. Simu kwangu sasa ni pambo la mezani, ndiyo maana nakuandikia.

Nina jambo. Yule dinosaria wa vilima vya kusini, ambaye mifupa yake iko huko huko Ujerumani uliko, ni mimi niliyemwona kwanza, mwaka 1974. Wazungu waliotuajiri kuchimba mifupa walikuwa wanakunywa chai. Mimi nilikwenda kujisaidia korongoni, nikaona kitu kimechomoza, nikadhani gogo. Nikakigusisha ulimi, kama tulivyofundishwa kambini: jiwe haligandi, mfupa wa kale unaganda. Uliganda!

Nenda makumbusho ukaangalie kama wameandika jina langu. Daktari hanifichi tena, na sitaki kuondoka bila kujua.

Baba yako

3 Agosti 2023

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi ya kuhudumia wazee inachosha lakini nashukuru. Figo zinaendeleaje?

Nimekwenda. Ni mkubwa kuliko nyumba yetu, Baba! Nililia mbele ya watoto wa shule. Lakini kibao kinasema: "Mgunduzi: Shamsudin Omary." Huyo si baba mkubwa, aliyefariki kabla sijazaliwa? Mbona hukuwahi kuniambia?

Mwanao, Faudhia

2 Septemba 2023

Mwanangu, marahaba. Tunamshukuru Mungu, tunasukuma siku.

Naona aibu kuandika. Walitaka vijana waliomaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne. Kaka alimaliza, homa ikamchukua mwaka 1972, na cheti chake cha shule bibi yako alikiweka chini ya godoro. Nilikichukua. Misimu mitatu kambini niliitika jina lake.

Waambie ukweli wote, waandike jina langu, Najim. Shamsudin hatanikasirikia, alikuwa ananiachia hata viatu vyake. Dada yako Salha atakutumia cheti cha kifo cha Shamsudin na kitambulisho changu. Wafanye haraka.

Baba yako

19 Desemba 2023

Baba, shikamoo. Salha ameniambia sasa unasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Pole sana.

Nimechelewa kwa sababu sikujua niandikeje. Walinisikiliza vizuri, mama mmoja akaandika kila neno. Lakini hawana karatasi hata moja yenye jina la Najim. Picha zako za kambini, nyuma yake zimeandikwa Shamsudin. Na cheti tulichowapelekea kinaonyesha Shamsudin alikufa miaka miwili kabla ya mfupa kuonekana, kwa hiyo naye wamemwondoa. Kibao kipya kinasema: "Mgunduzi: mwenyeji, jina halijulikani."

Nimegomba, nimeandika barua tatu. Wamefunga faili. Nisamehe, Baba.

Mwanao, Faudhia

14 Januari 2024

Mwanangu, marahaba. Barua imefika. Mama yako nimemwambia ni ya salamu tu.

Usiombe msamaha, mimi ndiye niliyekutuma. Shamsudin alikufa na miaka kumi na minane. Hakuacha mke, mtoto wala picha, na kaburi lake lilipotea mji ulipopanuka. Jina lake lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, watu wanapita wanalisoma, nami sikujua. Nimelifuta mwenyewe kwa kutaka langu.

Usiende tena kule. Daktari anahesabu wiki sasa. Nitamkuta kaka yangu, na sijui nitamwambia nini.

Baba yako