Anayeumwa Bega Anyooshe Mkono

Shosti, uko? Nimejifungia chooni kazini, nalia kwa hasira.

Unajua bega langu la kulia linavyoniua, hata kufunga sidiria mpaka nimwite dada. Leo meneja katukusanya sote tunaoshinda kwenye kompyuta. Eti viti vipya vya kutupunguzia maumivu vimefika, lakini ni vya wagonjwa tu.

Akasema, "Anayeumwa bega anyooshe mkono."

ANYOOSHE MKONO! Wallahi ndivyo alivyosema.

Nikaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, nikausukuma juu huku machozi yakinilengalenga. Akanitazama, akacheka. "Si huo umenyooka? Bega gani hilo linauma?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mama Pacha, yule jirani yangu wa meza, hawezi hata kuchana nywele. Alijaribu, mkono ukaishia kifuani, akaurudisha mapajani. Meneja akampita. "Huyu hakunyoosha, mzima."

Yaani mimi mzima kwa sababu nimenyoosha, na Mama Pacha mzima kwa sababu hakunyoosha!

Viti je? Eti hakuna mgonjwa, vinapelekwa chumba cha mikutano. Katuambia mimi na Mama Pacha tukavibebe, maana sisi hatuumwi.